Mwalimu Violet na Fuwele Zinazoruka

Baba Paroko, Mchungaji uliyepanda milima hii kutoka ziwani, wazee wetu, shikamooni, ndugu waombolezaji, poleni sana na msiba. Naitwa Jastin, mdogo wake marehemu, ukoo umenituma kusoma wasifu wake, lakini wanaonifahamu wanajua siwezi kusoma nikaacha yaliyo moyoni, kwa hiyo mnivumilie.

Marehemu dada yetu, Mwalimu Violet Hamphrey Mbele, alizaliwa Liuli, mwambao wa Ziwa Nyasa, tarehe 9 Machi 1975, mtoto wa kwanza wa mzee Hamphrey na mama Winifrida, akabatizwa na kukuzwa katika Kanisa Anglikana, akasoma shule ya msingi hapo hapo, mtoto wa maswali mpaka mama anachoka anamwambia nenda kawaulize samaki. Alimaliza kidato cha sita mwaka 1996, akajiunga na chuo kikuu Dar es Salaam kusomea ualimu wa kemia, na huko ndiko alikokipenda kitu kilichompa furaha na baadaye kikamliza, yaani fuwele, chembe ngumu zenye pembe kama chumvi ya mawe, ila hizi za kwake zilikuwa na rangi ya machungwa, na ukizitoa gizani ukaziweka juani zinatulia kidogo, halafu zinaruka, moja huku, nyingine kule, kama bisi kwenye sufuria.

Januari 2001 aliajiriwa katika sekondari moja ya kata ya Ruanda, wilaya hii ya Mbinga, akafundisha hapo mpaka ugonjwa ulipomtoa darasani, na wanafunzi wake mliopo hapa mnakumbuka alivyowaeleza, kwamba mwanga ukiingia ndani ya fuwele vitu vinavyoiunda vinageuka umbo, nafasi inakuwa finyu, fuwele inavumilia, inavumilia, mwisho inaachia kwa mkupuo.

Tarehe 14 Septemba 2002 alifunga ndoa na shemeji yetu Salvatory Ndunguru, mkulima wa kahawa wa hapa Mapera, wakajaliwa watoto wawili, Glorious mwaka 2003 na Stella mwaka 2007.

Sasa hapa naomba msikilize. Juni 2005, shule zimefungwa, kahawa imeanikwa, dada alichukua sinia la fuwele zake akaliweka juu ya kichanja, katikati ya kahawa ya mama mkwe wake, Mama Ottilia, kwa sababu hapo ndipo penye jua zuri, na hilo ndilo lilikuwa kosa lake, kuanika vitu vya maabara mahali ukoo unapoanika riziki yake. Mama Ottilia akaja kugeuza kahawa, vitu vikamrukia kwenye kanga, na wiki ile ile mtoto Glorious akashikwa na homa, tarehe 22 Juni akafariki, daktari akasema malaria imepanda kichwani, lakini hapa kijijini ikasemwa ni vidudu vya Mwalimu, na nasema ikasemwa kwa adabu tu, maana waliosema wamekaa hapo mbele na ninawaona.

Tangu hapo dada alikatazwa kukanyaga kaburi la mwanawe, hata siku ya Marehemu Wote, wenzake wakifyeka makaburi ya watoto wao, yeye alibaki barabarani anatazama. Ukoo wa mumewe ukaamua pia kwamba akifa arudishwe ziwani, na sote tunajua, mke huzikwa kwa mumewe, kumrudisha kwao ni kusema hakuwa wenu. Shemeji Salvatory alimpenda, hilo siliondoi, ila mbele ya mama yake alikuwa bubu. Dada hakuomba shamba wala nyumba, aliomba alale karibu na mtoto wake, basi.

Agosti 2023 aligundulika na kansa ya titi, akatibiwa Mbinga, akapelekwa Dar es Salaam, na mwezi Mei mwaka huu wa 2025 akarudishwa nyumbani, na aliyemwogesha na kumlisha ni Mama Ottilia huyu huyu, haki yake lazima tumpe. Siku moja dada alimwomba amletee chupa iliyofungwa karatasi nyeusi, wakamwaga chembe chache kwenye sinia pale mlangoni, bibi akarudi nyuma kwa woga, dada akamwambia, sogeza wewe mwenyewe, mama. Bibi akaweka kivulini, zikatulia, akasogeza juani, zikaruka, akamwaga nyingine, ikawa hivyo hivyo, mpaka akakaa chini akasema, kumbe ni jua tu. Kisha akaenda jikoni kukoroga uji.

Dada alifariki tarehe 11 Juni 2025, saa tano asubuhi, mikononi mwa Stella, akiamini anarudi Liuli. Juzi kwenye kikao cha ukoo, sisi wa ziwani tumeshakodi gari la kumchukua, Mama Ottilia alisimama akasema Mwalimu hakuua mtu, akasema alikuwa bado anatafuta namna ya kumwambia, alidhani siku zipo. Mama, nakuheshimu na nakushukuru, lakini linaniuma, neno lile lilihitaji masikio ya dada.

Kwa niaba ya familia tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, walimu wenzake, wanafunzi mlioteka maji tangu juzi, majirani wa Mapera, wanajumuiya, na akina mama mliotoka Liuli, Mungu awalipe. Gari letu litarudi ziwani bila jeneza, kwani leo asubuhi Mama Ottilia aliwatangulia vijana makaburini, akapiga jembe la kwanza kando ya Glorious, karibu sana, pamebaki ukuta mwembamba wa udongo kati ya mama na mwanawe. Pumzika, dada, kwa amani iliyochelewa kukufikia.