Tumbo la Walter na Maji ya Awasi

Kijiwe chenyewe ni benchi moja la mbao chini ya mabati ya kibanda cha Walter, fundi wa viatu hapa Manyatta. Saa kumi Abeid hufika na birika lake na kikapu cha vikombe, Odongo anafunga meza yake ya kava za simu, Waliaula anaegesha pikipiki, na kuanzia hapo hakuna swali la dunia hii linalokosa jibu. Odongo wanamwita Profesa, maana aliwahi kulinda geti la zahanati miaka minne. Waliaula naye wanamwita Ambulensi, na jina hilo lina wiki mbili tu.

Wiki hizo mbili Walter hakuonekana. Siku aliyorudi, suruali ilimkaa kama ya kuazima. Alifungua kibanda, akampokea mteja mmoja, dada anayeitwa Shantel aliyekatikiwa na ndara, akamkalisha mwisho wa benchi, mguu mtupu juu ya katoni. Kisha akawashika wenzake mikono, mmoja mmoja.

— Erokamano, ndugu zangu. Asanteni sana. Daktari alisema ningechelewa kidogo tu, saa hii mngekuwa mmeshanizika.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Wanne hao walienda Awasi kumzika mjomba wa Profesa. Walikunywa maji ya pipa moja, kwa kikombe kimoja. Watatu walirudi wakiimba. Walter alianza kuhara na kutapika mpaka macho yakaingia ndani, na Waliaula ndiye aliyembeba kwa pikipiki, Abeid nyuma akimshikilia, birika limeachwa barabarani. Sasa Mercyline, mke wake Walter, alikuwa na neno moja asubuhi na jioni: watu wanne, maji yale yale, anaanguka mmoja, hapo kuna mkono wa mtu. Usikae tena na hao mpaka ujue ni nani. Kwa hiyo Walter alikuja na shukrani mdomoni, na neno la mkewe likimkaa kifuani.

— Wahenga walisema samaki mmoja akioza, wote wameoza, Profesa alianza. Sasa mbona sisi hatukuoza? Hiyo si ya kawaida.

Waliaula alisema ni ya kawaida kabisa. Tumbo ni kama betri, lina asidi ndani, na ile barabara ilimrusha Walter mpaka asidi ikamwagika. Abeid alitaka kujua ilimwagikia wapi. Kwa magoti, akajibiwa, ndiyo maana hakuweza kusimama. Abeid mwenyewe aliona maji ya matanga yana macho, yanajua nani amelia na nani amefuata pilau, na Walter hakulia hata kidogo. Profesa aliwaacha wamalize, kama kawaida yake, kisha akatangaza kwamba asidi ya mtu wa ziwani imezoea kazi ya kuyeyusha mifupa ya omena. Ilipoletewa maji matupu ya Awasi ikakosa kazi, ikamgeukia mwenye nyumba.

— Ndiyo ile mgeni njoo, mwenyeji apone, akamalizia.

— Huyu mwenyeji alikaribia kufa, omera, Abeid alimkumbusha.

Walter alicheka mpaka akashika tumbo. Jamani, alikuwa amekikosa kijiwe hiki. Akaweka sindano chini.

— Daktari aliniuliza kitu kimoja. Unameza dawa gani? Nikamwambia zile za kiungulia, asubuhi na jioni, huu mwaka wa pili. Akasema asidi si adui yako, Walter. Ndiyo inaua vijidudu vingi vya maji kabla havijateremka kwa matumbo. Yenu ilikuwa kazini. Yangu nilikuwa nimeilaza.

Akawaeleza pia kwamba dawa yenyewe si mbaya, wako wenye vidonda vya tumbo inaowaokoa, ila mtu hupimwa kwanza na kuambiwa atameza mpaka lini. Yeye alipimwa, hana kidonda. Ana kahawa vikombe vitano juu ya njaa. Hapo Abeid alilitazama birika lake kwa huruma. Walter akasema tangu atoke hospitali, kila akimaliza sahani ya ugali anamshukuru Mungu kwa asidi aliyoilaani miaka miwili.

Shantel aliinua kichwa.

— Samahani, wazee. Hizo dawa, nani alimwambia aanze?

Profesa aliona vumbi kwenye kava moja ya simu, akaanza kulifuta. Waliaula akaenda kubonyeza tairi. Abeid akawa anahesabu vikombe ambavyo anavijua ni sita. Kidonge cha kwanza kilitoka mfuko wa shati wa Profesa, papa hapa, na methali ya haba na haba hujaza kibaba juu yake. Ni Waliaula aliyesema viwili vinashika haraka. Na ni Abeid aliyeweka vingine kikapuni, akampa Walter kila kikombe na kidonge chake, vile wengine hugawa kashata.

Walter aliwatazama wote watatu. Mercyline hakukosea, mkono wa mtu ulikuwepo, tena mikono mitatu. Lakini ni mikono hiyo hiyo iliyomshikilia juu ya pikipiki, kanzu ya Abeid ikichafuka kuanzia kifuani mpaka chini, na Abeid akimwambia tapika tu, ndugu yangu, tapika. Aliwapenda watu hawa, hakutaka kujidanganya.

— Nilijianzia mwenyewe, akamwambia Shantel, akampa ndara yake.

Abeid alimimina kahawa. Alipofika kwa Walter akampa mandazi kwanza, akasimama pale pale mpaka yakaisha, ndipo akammiminia nusu kikombe, na birika likawa tupu. Hakuna aliyelalamika. Profesa alitoa mfukoni karatasi ya vidonge yenye mashimo mengi kuliko vidonge, akaigeuza mkononi, akasema kwa sauti ndogo ambayo benchi lile halikuwahi kuisikia:

— Huyo daktari wako anapatikana siku gani? Mimi huu ni mwaka wa sita.