Mpira wa Mazutu wa Hiace ya Habumugisha

Pale Majengo, barabara ya Rutshuru inapopita juu ya mawe meusi ya volkano, kuna ubao wa kukalia uliolazwa juu ya mawe mawili, na nyuma yake jiko la Mama Kahambu, mwanamke wa Butembo anayeuza kahawa ya tangawizi kwa vikombe vya plastiki. Ubao huo umetengeneza magari mengi kuliko garaji zote za Goma, yote kwa mdomo. Asiyeamini aende akaulize. Mkuu wa ubao alikuwa Mulumeoderhwa, fundi aliyekuja kutoka upande wa Bukavu na kisanduku cha spana, na watu walimwita Turbo kwa ajili ya mwendo wa ulimi wake. Kando yake alikaa Donat, aliyesoma ufundi miaka miwili akaacha. Huyo walimwita Diplome, kwa kuwa ndicho kitu alichokosa. Asubuhi ile, mwaka ambao watu wa Rutshuru walikimbia vita wakajaa Kibati, juu ya mji, mbele ya ubao ilisimama Hiace ya Habumugisha, viti vya mbele vimeng'olewa, moteri iko wazi kama sufuria isiyo na kifuniko.

Habumugisha mwenyewe hakukaa. Mama yake, Mukantwari, na dada yake Charline walikuwa Kibati siku ya tatu, chini ya shitingi ya plastiki kando ya barabara. Charline alikuwa na mtoto wa siku nane na miguu imemvimba. Kutembea mpaka mjini asingeweza. Madereva wengine walikataa kupanda huko. Na kizuizi cha barabarani kilikuwa kinafungwa saa kumi.

Shida ilikuwa moja tu. Moteri ya zamani, ya esansi, ile petroli, ilikufa juma lililopita. Mpya ilikuwa ya mazutu, yaani dizeli, imetolewa kwenye gari lililopinduka karibu na Sake, na ilikuwa imeingia vizuri kabisa, ila mdomo wa pampu yake ulikuwa mnene kama kidole gumba, na bomba la kutoka kwenye tanki jembamba kama kalamu. Tena mdomo ulikaa kushoto, bomba kulia. Mpira wa kuunganisha vitu viwili vya namna hiyo haukupatikana sokoni Birere katika duka lolote. Muuzaji mmoja alimshauri auagize Kampala, na njia ya Kampala ndiyo hiyo hiyo ya vita.

— Mupira kama ule hauagizwi, alisema Turbo akiwa kwenye kikombe cha kwanza. Unatengenezwa.

Akasimulia jinsi alivyotengeneza mmoja wakati wa vita vya kwanza, kati ya Sake na Masisi, lori la askari limekwama na kamanda ameshika bastola. Alichinja mbuzi, akaosha utumbo, akaufunga huku na huku kwa kamba ya kiatu, na mazutu yakapita humo kama maji ya bomba ya Regideso.

— Na balifika? aliuliza Kahambu.

— Balifika. Ila njia yote njaa iliwaua, juu ya vile lori lilinuka mishikaki.

Habumugisha aliuliza kama leo kuna mbuzi. Turbo akasema mbuzi wa siku hizi wana utumbo mwembamba, ni hii hali.

Diplome alisubiri nafasi yake kama mtu anayesubiri kuimba. Yeye alitaka bomba la shaba la frigo, yaani friji. Alijua baa moja yenye frigo bovu. Ila kwanza ni lazima kupiga hesabu ya presha, akasema, akachota jivu kwenye jiko la Kahambu na kuanza kuandika kwa kidole juu ya jiwe jeusi. Alizidisha, akagawa, akafuta kwa kiganja. Jibu lilitoka: mita arobaini na mbili.

— Gari yenyewe ni mita ine, alisema Kahambu.

— Ile ingine utaizungusha ndani. Inapoza mazutu.

Turbo hakuweza kuvumilia kushindwa kwa mita. Kikombe cha tatu kikamkuta ameacha mazutu kabisa: chini ya ziwa Kivu kuna gazi inayowaka, ya kutosha kuendesha Afrika nzima, kwa hiyo mtu mwenye akili angeshusha mpira pale ufukweni Kituku, angeufunga kwenye pampu, na kupanda nao mpaka Kibati. Wakati wa kurudi angeukunja polepole.

— Na magari mengine yakiukanyaga? aliuliza Habumugisha.

— Yatapita kwa ruksa yangu.

Kufikia saa sita Habumugisha alikuwa amechoka na ziwa. Akasema kitu kifungwe, chochote. Turbo akachukua vipande viwili vya mpira, mnene na mwembamba, akaviunga kwa kalamu iliyotolewa wino, akazungushia ukanda wa tiribu, ule mpira wa ndani wa baiskeli, mpaka kiungo kikavimba kama jino bovu. Moteri ikapigwa stata. Ikakohoa mara tatu, ikanguruma, watu wakapiga makofi, kisha kalamu ikaruka na mazutu yakamwagika yote juu ya shati jeupe la Diplome. Diplome alisema hesabu yake ilikuwa imeliona hilo.

Hapo simu ya Habumugisha ikalia. Alikuwa Charline, na sauti yake ilisikika mpaka kwenye ubao.

— Kaka, batu banashuka tena. Banasema kule Kibumba kumewaka. Mama ametoka kuja kukutafuta. Mimi na mutoto tushuke na nani?

Turbo alikizungusha kikombe mkononi kana kwamba kina maandishi.

Haikupita nusu saa, ikateremka chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali wala moteri, imebeba magunia mawili ya viazi, na juu ya viazi mwanamke mzee, amekaa wima, kitenge kimefungwa vizuri. Alikuwa Mukantwari. Mwenye chukudu alivunja mwendo kwa kandambili yake, bibi akashuka. Mwanawe alimkumbatia, akaanza kumweleza habari za pampu, na mdomo mnene, na mdomo mwembamba. Turbo akasaidia. Diplome akaonyesha jiwe lenye hesabu. Mukantwari alisikiliza mpaka wote wakaishiwa maneno.

— Nimeelewa, alisema. Na ile moteri ya kwanza, ilikuwa na ugonjwa gani?

Habumugisha alimtazama Diplome. Diplome akamtazama Turbo.

Turbo alijua. Siku alipoifungua moteri ya zamani, mpira wake wa esansi ulimvunjikia mkononi kama muhogo mkavu, na ndani hapakuwa na hata tone: moteri ilikuwa nzima, ilikosa esansi tu. Lakini wakati huo alikuwa ameshatangaza kifo cha moteri mbele ya ubao mzima, kikombe mkononi, na ameshasifu ile ya Sake. Akautia mpira mfukoni, jioni akautupa. Kipande cha urefu wa mkono, kinachouzwa Birere kila duka.

Alifungua mdomo. Ubao ulisubiri. Haukutoka utumbo wa mbuzi wala gazi ya ziwa.

— Wewe, akamwambia mwenye chukudu, unarudia Kibati?

— Ninarudia, papa. Lakini kupanda ni kusukuma.

— Basi shusha viazi. Tutaleta Charline na mutoto wake.

Akamrudishia Kahambu kikombe kikiwa nusu, jambo ambalo halikuwahi kutokea, akavua koti, akainama nyuma ya chukudu.

— Habumugisha, alisema bila kugeuka. Enda Birere. Nunua mupira wa esansi, ule wa kawaida. Kesho tutarudisha moteri ya zamani.

Diplome akamwita, akitaka kujua basi ugonjwa ulikuwa gani. Turbo akasukuma. Kutoka Majengo mpaka Kibati ni karibu kilometa kumi, zote za kupanda, na mtu anayesukuma chukudu hana pumzi ya kusimulia.