Bibi Kwenye Orodha ya Marejeo

Kijiwe chetu ni benchi moja la mbao nje ya duka langu la kujalidi vitabu, mkabala na lango la chuo kikuu. Mimi wananiita Gundi, kwa kuwa vidole vyangu havijatakata tangu nianze kazi hii. Mwenye birika la kahawa ni Shangazi, na hakuna anayejua ni shangazi wa nani. Digrii alisoma chuo mwaka mmoja, akaacha, na tangu hapo anatufundisha sisi bila likizo. Siku hiyo saa nane mchana tulikuwa tunamsubiri Afande, mlinzi wa jengo la sayansi, atuletee habari za binti yetu aliyekuwa anatetea tasnifu yake. Binti mwenyewe tunamwita Wengineo. Jina hilo alijipa. Kwenye fomu ya kuombea chuo palikuwa na orodha ya makabila, lake halimo, akatia tiki kwenye kisanduku cha mwisho: “Wengineo.” Watu wake ni warina asali wa msituni, wachache, na kabla yake hakuna mmoja wao aliyewahi kupita lango lile ila kuleta asali ya kuuza.

Afande akaja, kofia mkononi.

— Amepita? Shangazi akamuuliza kabla hajakaa.

— Nipe kahawa kwanza.

— Mjumbe hauawi, Digrii akasema, ila hakuna methali inayokataza kumnyima kahawa. Amepita, hajapita?

— Tulieni. Jambo lenyewe halisemeki kwa neno moja.

Tukatulia, maana sote tulijua lilikotoka. Miezi mitatu nyuma Wengineo aliingia ukumbini mara ya kwanza na nakala tano nilizomshonea mimi mwenyewe. Alikuwa ameandika juu ya nyuki wadogo wasiouma. Vitabu vinasema kwenye msitu wa kwao kuna aina tano. Yeye akaandika tisa. Jopo likamuuliza chanzo, akawaonyesha kwenye orodha ya marejeo: bibi yake mzaa mama, jina kamili, mazungumzo, chini ya miti fulani, tarehe fulani.

Wakamwambia bibi si kitabu. Hajachapisha popote, hata kusoma hajui. Mmoja akamshauri kwa upole kabisa: mtoe bibi, andika “mtafiti amegundua.” Utapita leo leo.

Binti akawajibu: “Sikugundua. Nilionyeshwa.”

Basi wakamrudisha. Siku ile alikaa hapa kwenye benchi na nakala zake tano mapajani, kahawa haigusi. Chumba chake cha bweni kilishapewa mwingine. Shangazi akambebea begi hadi kwake, na usiku ule, anavyosimulia Shangazi, binti alilia mara moja tu, akanawa uso, akauliza basi la kwenda kwao linaondoka saa ngapi.

— Haya, kahawa hiyo, Shangazi akasema. Sema sasa.

— Amekuja na bibi, Afande akasema.

— Bibi yupi?

— Yule wa kwenye marejeo!

Digrii akapiga paja.

— Wahenga walishasema! Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Maana yake kila tasnifu lazima iwe na marejeo, na marejeo yakikataliwa, yaletwe kwa miguu.

— Hiyo siyo maana yake, nikasema.

— Wewe Gundi unajua majalada. Ya ndani tuachie sisi.

Afande akaendelea.

— Kibibi kidogo hivi, kimejifunga kanga, mgongo umenyooka kuliko wangu. Ngazi za jengo letu ni ndefu, nikamshika mkono. Tumefika juu, hakuniachia. Kashika mkono wa shati langu, kanivuta ndani, nimekaa naye kikao kizima kama mtoto wa harusi. Ndiyo maana nayajua yote.

— Wakamkubalia kukaa?

— Msimamizi wa binti alisimama akasema: mlitaka chanzo, chanzo hicho. Wakatuvutia viti. Sasa palikuwa na mzee mmoja wa miwani, mtahini kutoka chuo kingine. Ndiye aliyeandika hicho kitabu cha aina tano.

— Mwenyewe?

— Mwenyewe! Akatoa vichupa viwili, nyuki wakavu ndani, akampa bibi na lenzi. Akauliza: hawa ni aina mbili au moja? Binti akatafsiri. Bibi akaviangalia vichupa, akavirudisha. Akasema, “Hawa wamekufa. Niulize wanakaaje.”

Shangazi akaweka birika chini.

— Akasema hawa wa kwanza wanaingia kwa mlango wa nta uliochomoza kama tarumbeta, tena juu, kwenye tawi. Hawa wengine wanakaa ardhini, kwenye mizizi, na jua likizama wanafunga mlango kwa nta laini, asubuhi wanaufungua. Asali ya hawa chachu, ya wale tamu. Binti akafungua boksi alilokuja nalo. Milango yote tisa anayo, ameibandua kwenye viota vilivyohamwa, kila mmoja na picha yake. Bibi akaigusa mmoja mmoja na kuutaja jina.

— Na yule wa miwani?

— Hapo sasa. Bibi alimgeukia yeye. “Wewe uliyeandika kwamba hawa ni wamoja, uliwahi kukaa nao mpaka wafunge mlango?” Binti akasita kutafsiri. Bibi akampiga kofi dogo gotini, naye akatafsiri.

— Yallah! nikasema.

— Mzee akavua miwani, akaifuta. Akasema, “Hapana, mama. Mimi niliwapokea wakiwa kwenye chupa.” Akavuta kalamu akaandika muda mrefu. Kisha akamuuliza bibi maswali, siyo ya mtihani, ya mtu anayetaka kujua. Saa nzima na nusu. Kuna wakati walimsahau hata binti, ikabidi awakumbushe kwamba anayetahiniwa ni yeye.

— Kwa hiyo amepita, Shangazi akasema taratibu.

— Amepita. Na bibi amebaki kwenye marejeo, kwa jina lake.

Shangazi akajifunika uso kwa upande wa kanga. Mimi nikaingia dukani mara moja kutafuta mkasi ambao sikuuhitaji.

Niliporudi, Digrii alikuwa ameshika hatamu.

— Mimi nasema bibi apewe uprofesa. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Huyu binti kafunzwa na bibi, kwa hiyo ulimwengu hauna tena kazi, na maprofesa nao wapishe.

— Uprofesa wa nini? Shangazi akasema. Mwanamke wa watu umfungie ofisini? Chuo ndicho kihamie msituni. Madawati, ubao, na huyu Afande na geti lake.

— Geti nitalifunga kwenye nini, Shangazi?

— Wale nyuki si wanafunga wenyewe? Watakufundisha.

— Haitoshi, Digrii akasema. Iwe sheria: kila mhadhiri atahiniwe na bibi yake kabla ya kuajiriwa. Na nyuki wapewe vitambulisho vya wanafunzi, aina zote tisa, wapige kura.

Tulicheka sana. Kisha nikamuuliza Afande kama binti aliitaja ile fomu ya kuombea chuo.

— Aliwaambia, Afande akajibu. Mwishoni, walipompa nafasi. Aliomba pale penye “Wengineo” pawe na mstari mtupu, mtu aandike watu wake mwenyewe. Akaomba na nafasi mbili kila mwaka kwa vijana wa kwao, maana wapo, wanaoweza wapo.

— Wakasemaje?

— Watalijadili.

— Aa, Digrii akasema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakuongeza methali.

Pembeni ya mlango wa duka palikuwa na mama mmoja mgeni, anasubiri nimtolee kopi za vyeti vya mwanawe. Alikuwa amesikiliza yote, bahasha kifuani. Yeye ndiye aliyewaona kwanza. Wengineo alikuwa anatoka langoni, boksi kichwani, na kando yake bibi, anatembea mbele kidogo ya mjukuu wake, uso umeelekea kwetu. Bila shaka alishaambiwa sisi ni nani.

— Samahanini, yule mama akasema. Huyo bibi anakuja hapa. Kwa lugha yao anasalimiwaje?

Nilimtazama Afande, Afande akamtazama Shangazi, aliyewahi kulala chumba kimoja na binti yule. Miaka sita Wengineo amekaa kwenye benchi hili, asubuhi kwa asubuhi, akitusalimu kwa lugha yetu, na sisi tukimjibu.

Bibi alikuwa amebakiza hatua chache. Tukasimama wote.