Chumba cha Bi Giza

Mtaani walimwita Bi Giza, kwa miaka thelathini ya kusafisha picha ndani ya chumba kisicho na dirisha. Kesho fundi angekuja kukitoboa dirisha, maana bintiye alitaka chumba cha wageni.

Ndani ya treni ya kumrudisha nyumbani, mwanamke wa kiti cha jirani alikuwa akilalamika kwenye simu, behewa zima likimsikia. "Nimemwambia kijana wa studio anisafishie mkanda wa picha za mwisho za marehemu baba. Si akachukua kitambaa apanguse!"

Bi Giza aligeuka kama aliyetukanwa yeye. "Aliufungua mwangani?"

"Nilimpokonya kabla, mama. Anasema mambo hayo yamekufa."

"Yamekufa wapi, na mimi nimekaa hapa? Mwanangu, mkanda husafishwa kwa dawa, gizani, kwa vidole. Hivi hapa!" Akavinyanyua, vimeiva rangi ya kahawia kwa dawa.

"Na ukiharibika?"

"Kwa mkono huu? Thubutu!"

Treni ikasimama. Hakikuwa kituo cha yule mwanamke, lakini alishuka nyuma ya Bi Giza, ambaye tayari alikuwa na simu sikioni. "Binti yangu, mwambie fundi abaki na nyundo yake. Chumba kimepata mgeni."