Mwalimu wa Kwaya Kamnunia Mungu

Benchi liko kando ya barabara kuu hapa Ikwiriri, mabasi ya Kusini yanapopunguza mwendo. Mimi ni Waride, wateja huniita Mama Salwa. Kahawa ni yangu, kashata ni zangu, benchi ni langu, ila maneno ni yao, na ndiyo yanayonichosha. Fikirini tunamwita Injinia kwa kuwa aliwahi kubeba kokoto kwenye ujenzi wa daraja. Mzee Mshamu ni Wakili: aliitwa shahidi mahakamani mara moja, kesi ya mbuzi, na hajapona mpaka leo. Wa tatu ni Ambakisye, mtu wa Kyela aliyekuja kulima mpunga akabaki, mwalimu wa kwaya kanisani kwao. Juzi usiku kiboko alipanda kutoka mtoni, akala na kukanyaga mpunga wake wote, mpunga uliokwishaiva. Na kesho Jumapili ni sikukuu ya mavuno: wakulima wanapeleka mazao kanisani, na Ambakisye ndiye aliyepangwa kusimama kutoa shukrani kwa niaba ya wote. Leo asubuhi amekuja na sura ya mtu aliyefiwa, na kabla hajakaa katangaza kwamba hasimami.

Ambakisye: Siendi. Wakamtafute mwingine wa kushukuru.

Mshamu: Usiseme hivyo, Mwalimu. Mkasirikie kiboko.

Ambakisye: Kiboko mnyama, hajui. Kuna anayejua. Juzi usiku mimi nilikuwa wapi? Kanisani, nafundisha wimbo wa mavuno. Sauti ya tatu inapotea, naanza upya, inapotea, naanza upya. Namwimbia Yeye. Na Yeye anamtazama tu kiboko anapanda. Angemgeuza shingo kidogo, akaingia kwenye matete, basi, ingemgharimu nini?

Hapo niliumia. Mtu huyu hata kahawa ikimmwagikia mguuni hushukuru kwamba haikuwa ya moto sana.

Fikirini: Sikiliza kitaalamu, Mwalimu. Maji ya bwawa yamefunguliwa huko juu, mto umebadilika, viboko wamepotelewa na njia zao. Yule alikuwa anatafuta kwao.

Mshamu: Kwao ni kwenye majaruba ya mpunga?

Fikirini: Au hakuwa huru. Siku hizi wanyama wanavalishwa vifaa, wanaendeshwa kwa kompyuta. Mtu amekaa zake Ulaya, anabonyeza, kiboko anakata kushoto.

— Huyo wa Ulaya ana ugomvi gani na mpunga wa Amba? nikauliza.

Fikirini: Utafiti, Mama Salwa. Hawasemi hao.

Mshamu: Mahakamani hilo halisimami hata dakika. Mwalimu hapa anamshitaki Mungu. Haya, hati ya kumwita mlalamikiwa utaipeleka wapi? Na shahidi namba moja ni kiboko. Ataapa kwa kitabu gani?

Fikirini: Basi kosa si la Mungu mwenyewe, ni la ofisini. Malaika wa kanda hii amehamishwa na hajaletwa mwingine. Kama yule bwana shamba wetu, tangu ahamishwe ofisi ina kufuli. Maombi ya Mwalimu yamefika vizuri, yamekuta pamefungwa.

Mshamu: Astaghfirullah. Fikirini, hata sisi wa msikitini unatutia mashakani.

Fikirini: Namtetea rafiki yangu. Amba, usisimame kesho. Una haki ya kununa. Mungu kakutupa, ikubali tu hiyo, roho itulie.

Ambakisye: Sikusema kanitupa.

Fikirini: Umesema anatazama tu.

Ambakisye: Nimesema mimi. Wewe usiseme.

Fikirini: Sasa nakuunga mkono unakuwa mkali?

Nilitamani kuwamwagia maji wote wawili. Mmoja kamnunia Mungu, na bado hataki mwingine amguse. Mwingine kwa kawaida ni mvivu hata wa kumaliza sentensi, lakini leo hoja hazimwishi, na kahawa yake imepoa hajaigusa. Nikaona jiko litazima bure kwa ajili ya watu hawa.

Kulikuwa na mama mmoja amekaa juu ya begi lake, anasubiri gari la kwenda Mchukwi kumwona mgonjwa. Kwao ni Mbwera, alilala kwa bintiye hapa mjini, na kikombe kimoja alichonunua alikuwa akikinywa pole pole huku anasikiliza. Akakiweka chini.

— Samahanini, baba zangu. Huko shambani hakuna dungu?

Nani asiyelijua dungu huku kwetu? Ni kile kibanda juu ya miti mirefu, mtu analala humo na debe lake, akisikia mnyama anapiga debe na kupiga kelele mpaka mnyama arudi mtoni.

Mshamu: Dungu lipo, mama. Zuri tu.

— Usiku huo alilala nani?

Wakili, aliyekuwa na mahakama nzima mdomoni, akaanza kuchungulia ndani ya kikombe. Fikirini akakohoa.

Fikirini: Hilo swali ni pana kidogo.

— Pana vipi, baba? Dungu si moja?

Ambakisye alisema akitazama lami.

Ambakisye: Dungu tunashirikiana, mimi na huyu Fikirini. Mashamba yetu yametengwa na tuta moja tu. Zamu ilikuwa yangu. Nikamwomba anishikie kwa sababu ya mazoezi ya kwaya. Akasema, nenda kaimbe, ndugu yangu.

Fikirini: Na nilikwenda.

Ambakisye: Nikitoka kanisani nilipita kwenye kibanda umiza wanakoonyesha mpira. Kandambili zako zilikuwa mlangoni. Moja ya bluu, moja ya kijani. Ikwiriri hii nani mwingine anavaa hivyo? Nikasema, mpira ukiisha atakwenda. Nami nikaenda zangu kulala.

Sote tukatazama chini ya benchi. Ya bluu na ya kijani, hizo hapo. Fikirini akarudisha miguu nyuma.

— Ulijua tangu juzi? nikamuuliza Amba, na sauti yangu ilipanda, sikatai. Sasa Mungu unamsumbua wa nini siku zote hizi?

Ambakisye: Mungu nikimlaumu hanuni, Mama Salwa. Huyu atanuna. Watoto wetu wanakula sahani moja. Nikasema bora nimtwike Yule, Yeye mabega anayo.

Gari la Mchukwi likaja, yule mama akabeba begi lake akapanda, hakujua alichokifanya.

Fikirini: Leo nalala mimi dunguni, Amba. Wallahi nalala.

Ambakisye: Kulinda nini kwangu?

Machozi yalikuwa yamemjaa Fikirini, na sikumwonea huruma, bado. Ambakisye akainuka, akajifuta vumbi la benchi.

Mshamu: Unakwenda wapi, Mwalimu?

Ambakisye: Kanisani.

Mshamu: Mavuno si kesho?

Ambakisye: Kesho nitasimama. Leo kuna mmoja nimemsingizia.