Hodi kwenye Mnara Mtupu

Castrohondo wakati wa baridi ina watu thelathini na mmoja, na ukitaka kujua jambo lolote kati yao usihangaike na ofisi ya kijiji, maana hiyo hufunguliwa Alhamisi tu. Nenda kibarazani kwa Casilda. Pale ukutani pana benchi la jiwe linalopata jua kuanzia saa nne asubuhi, na wanaolikalia ni walewale, kila mtu na pahala pake. Upande wa mlangoni hukaa Baudilio, wanamwita Redio, kwa sababu hazimiki. Upande wa pili yuko Saturio, wanamwita Kobe. Alikuwa tarishi miaka thelathini, na barua zake zilimfikia mtu akiwa keshamsahau aliyemwandikia. Katikati ni Eutimio Arranz. Huyo ni Ufunguo, kama baba yake na babu yake, maana ufunguo wa mnara wa ile ngome ya kilimani umelala nyumbani kwao tangu enzi ambazo hakuna anayezikumbuka. Kahawa ni ya Casilda mwenyewe, nyeusi, na asubuhi za Oktoba huitilia tone la pombe ya anisi bila kuulizwa.

Siku hiyo Eutimio alikaa mikono mitupu, na mikono ikawa haijui pa kuwekwa. Goti lilikuwa limemgomea, kwa hiyo ufunguo alikuwa amemkabidhi Araceli, fundi wa vibao aliyetoka mjini na gari dogo lililojaa mashine. Mkoa umeamua kuweka kibao cha chuma pembeni mwa mlango wa mnara. Mistari minne wameshaandika wasomi. Mstari wa tano wameuacha kwa wenyeji, waseme wao wanaijuaje ngome yao, ilimradi maneno yasizidi kumi.

Alipomkabidhi, Eutimio alimpa na sharti.

— Binti, kabla hujafungua, bisha hodi. Mara tatu. Subiri kidogo, ndipo ufungue.

— Kwani kuna mtu?

— Hamna. Ndivyo tunavyofungua sisi.

— Wanabishia popo hao! — Redio alidakia. — Ukoo mzima una adabu kwa popo, halafu sisi majirani hatusalimiwi.

Araceli alicheka, akaubeba ule ufunguo, mrefu kama mwiko wa kusongea, akapanda nao kilima. Huku nyuma benchi likabaki na kazi ya kutafuta maneno kumi.

Kwa wenzake ilikuwa porojo ya kusukuma asubuhi. Kwa Eutimio haikuwa porojo. Ana miaka sabini na minane na binti mmoja tu, yuko mjini Bilbao anauza miwani, na mwaka jana alimwambia babaye bila kumung'unya maneno: «Baba, ufunguo huo nitautundika wapi? Kaukuta kenyewe kamoja.» Kwa hiyo baada yake hakuna Ufunguo mwingine. Eutimio alilitaka jina la Arranz lipigwe kwenye chuma kile, na hakuona haya kulitaka. Usiku wa jana alikuwa amelala akiyahesabu maneno kwa vidole.

— Mimi nasema hivi, — alianza, akisafisha koo. — «Ngome hii ilishikwa na Arranz, haikusalimu amri kamwe.» Maneno manane. Yamebaki mawili ya akiba.

— Haikusalimu kwa nani? — Redio akauliza. — Kibao hakiandikwi juu juu, bwana. Mtu katoka zake mbali, kapanda kilima, kahema, halafu asome nusu habari?

— Kwa mfalme. Wafalme walikuwa wawili, ndugu wa baba mmoja, wanagombea taji. Zamani mtu akipewa kushika ngome, aliweka mikono yake ndani ya mikono ya mfalme, akaapa: haya mawe ni yako, siyatoi kwa mwingine. Yule wa kwanza akafa. Wa pili akaja na jeshi, akasema, fungua. Arranz akajibu, sikukupa wewe mikono yangu. Akajifungia miezi tisa.

— Hapo sasa, — Kobe akatikisa kichwa kwa busara. — Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Shemeji, wale walikuja kumchinja mwenyeji!

— Ndiyo. Lakini si walikuja?

Kobe amemuoa dada yake Eutimio, ndiyo maana huvumiliwa. Aliionja kahawa, akaendelea taratibu, kama aliyekuwa akipeleka barua.

— Miezi tisa walikula nini? Mimi babu yangu alinihadithia. Chakula kilikwisha, akabaki nguruwe mmoja. Arranz akamlisha ngano yote iliyobaki, akamrusha nje ya ukuta. Maadui wakampasua, wakakuta tumbo limejaa ngano. Wakasema, loo, kama nguruwe wao anakula hivi, wenyewe je? Wakaondoka.

— Hiyo chai, Kobe, — Redio akasema. — Na sisi hapa tunakunywa kahawa. Kila ngome nchi hii ina nguruwe wake wa kurushwa. Ukiwakusanya wote unafungua bucha. Ukweli ni kwamba hawakuondoka.

— Walikwenda wapi?

— Hawakwenda popote! Walikaa pale chini miezi tisa, wakachoka kukaa bure, wakapanda dengu. Dengu zikaota. Sasa nani aache dengu zake? Wakajenga vibanda, wakaoa. Ndio sisi hao, mtaa wa chini. Mimi hapa unavyoniona ni jeshi la mfalme, Eutimio. Mpaka leo bado nimekuzingira.

— Ndiyo maana unakuja kukopa chumvi na hurudishi, — Eutimio akamjibu. — Ni nyara za vita.

Wakacheka wote watatu. Casilda akatoka na birika, akasimama mkono kiunoni.

— Mnasema Arranz, Arranz. Nani alimpikia huyo Arranz? Mimi najua wanaume waliisha mwezi wa pili. Walioshika ile ngome ni wanawake, wamevaa masufuria kichwani, wanapita na kupita juu ya ukuta ili waonekane wengi. Kwa mbali huwezi kutofautisha kofia ya chuma na sufuria.

— Na harufu ya supu? — Redio akauliza.

— Harufu ndiyo iliyowaua maadui kwa njaa, mjinga wewe.

— Basi andikeni hilo, — akasema Kobe. — «Hapa masufuria yalimshinda mfalme.» Haba na haba hujaza kibaba.

— Kibaba kimeingiaje, shemeji?

— Masufuria mengi, si yanajaza?

Eutimio alikuwa akicheka, lakini jicho lake halikubanduka kilimani. Alijiona amekaribia kupewa haki yake. Porojo zao aliziachia tu. Alijua mwisho watachoka, na watakaa kwenye maneno yake manane, kwa sababu wenzake walikuwa wabishi lakini walimpenda.

Araceli alishuka saa sita kasoro, nywele zimetimka kwa upepo. Aliuweka ufunguo mapajani mwa Eutimio kwa mikono miwili, akapokea kikombe chake, akasimuliwa habari ya Arranz na yale maneno manane, akabaki amesimama.

— Wazee wangu, nina swali. La kijinga kidogo.

— Hapa ndipo kwake, — Redio akamkaribisha.

— Nilibisha hodi mara tatu, kama nilivyoambiwa. Nikasubiri. Sasa nilipokuwa nasubiri nikajiuliza: mzee, nilikuwa nambishia nani?

— Popo! — akasema Redio.

— Huo ni utani wenu. Lakini mtu wa kwanza aliyeanza kubisha, alikuwa anambishia nani? Mlango amefunga mwenyewe, ufunguo anao mwenyewe. Hodi ya nini?

Eutimio akafungua mdomo kujibu. Miaka yote sabini na minane aliyoishi, jibu hakuwahi kulihitaji.

— Ni desturi, — akasema.

— Sawa. Lakini kuna na lingine. Upepo ulikuwa unanipigia mlango, nikataka kujifungia kwa ndani nipime ukuta kwa utulivu. Sikuweza. Ndani hakuna tundu la ufunguo, ni ubao mtupu. Nikatafuta mashimo ya gogo la komeo, yale ya kwenye jiwe. Yapo. Yako nje.

— Seremala aliugeuza mlango, — Redio akasema haraka. — Miaka mia tano mlango hautengenezwi? Seremala mlevi, basi.

— Na mawe nayo aliyageuza?

Redio akanyamaza. Casilda baadaye alisema hiyo ilikuwa mara ya kwanza tangu Redio alipofiwa na mama yake.

— Mnaniambia Arranz aliwafungia maadui nje, — Araceli akaendelea, taratibu, maana alikwisha kuona uso wa mzee. — Mlango ule haumfungii mtu nje. Humo ndani kuna dirisha moja, liko juu, hata mkono haupiti.

Kobe aliinua kidole atoe methali, akakirudisha. Mbwa wa Casilda alipita, akanusa gari la Araceli, akaenda zake, na hakuna aliyemfukuza.

Eutimio aliugeuza ufunguo mapajani. Alianza kufungua mlango ule akiwa na miaka kumi na sita. Ameufunga kwa mvua, kwa theluji, siku ya harusi yake, siku aliyomzika mkewe. Kila mara alikuwa amesimama kwenye jiwe lilelile la nje, amesukuma, amezungusha, amekwenda zake nyumbani kula. Hajawahi hata siku moja kuwa ndani mlango ukiwa umefungwa. Angekuwaje, na ufunguo anao yeye?

— Bibi yangu, — akasema, — ndiye aliyenifundisha. Alisema: «Bisha, umpe muda.» Hivyo hivyo. Umpe muda. Mimi nilidhani anamaanisha nyoka, ajifiche.

— Muda wa kuvaa, — Casilda akasema. Alikuwa ameketi, jambo ambalo halifanyi akiwa kazini. — Mtu anabishiwa apate muda wa kujisitiri. Au wa kupangusa uso. Mimi naona alikuwa mwanamke.

— Au mtoto wa yule mfalme aliyekufa, — Kobe akanong'ona. — Wafalme walikuwa wanafichiana watoto.

— Hatujui, — Eutimio akasema. — Kobe, hatujui. Tusianze tena.

— Shemeji, usijitese. Mlinzi ni mlinzi tu.

— Mlinzi wa nini? Miezi tisa, miezi tisa! Nimewasimulia watalii, nimemsimulia binti yangu. Hakuna aliyetuzingira. Tulikuwa nje, na ufunguo tulikuwa nao sisi.

Aliona haya, haya ya kweli, ile inayopanda kutoka shingoni. Redio akamwekea mkono begani, akauacha pale, na kwa mtu kama Redio hayo ni maneno mengi.

— Walikuwa wanabisha lakini, — Redio akasema mwishowe. — Si kila askari jela anabisha. Hilo nalo lihesabu.

— Wanabisha, halafu wanafunga tena.

Redio akamsogezea kahawa.

Araceli alitoa penseli na kikaratasi alichopewa na mkoa cha kuandikia mstari wa tano. Alikuwa na kijiji kingine mchana, na huruma haikumzuia kuangalia saa.

— Mzee, mstari wa tano si lazima. Naweza kuuacha. Au nikaandika ule wako wa maneno manane. Huko mjini hakuna atakayepanda kuja kukagua komeo.

Benchi zima likamtazama Eutimio. Wangemruhusu. Angesema «andika ule wangu», Redio angeapa mpaka kufa kwamba seremala alikuwa mlevi, Kobe angeleta methali, na Casilda angemtilia kahawa nyingine. Alilijua hilo, na ndilo lililomuuma zaidi.

— Andika, — akasema. — «Humu Arranz walimfungia.»

— Mzee, si lazima jina la ukoo liwepo.

— Nililitaka lipigwe kwenye chuma. Lipigwe.

— Eutimio, — Casilda akasema, — bintiyo akija akalisoma?

— Alisome. Labda huu ufunguo atautaka sasa. Labda hatautaka. Lakini asiambiwe hadithi ya nguruwe.

Araceli aliandika. Penseli ikasimama.

— «Humu Arranz walimfungia…» Halafu? Walimfungia nani?

Akamtazama Redio, akamtazama Kobe, akamtazama Casilda. Watu walioijua ngome ile nguruwe kwa nguruwe, sufuria kwa sufuria, waliinamisha vichwa.

— Acha nafasi, — Eutimio akasema.

— Kiasi gani?

— Ya jina la mtu. Na la baba yake.

— Mzee, hiki ni chuma. Nikiacha wazi, kitabaki wazi.

— Najua, binti. Acha wazi.