Dume wa Kubaki

Kwenye basi, mbele yangu aliketi mama mfugaji, kiganjani ana karatasi ya maabara. Alikuwa akimweleza jirani yake wa kiti, mzee aliyefuga nguruwe ujanani, kwamba ana madume wawili wa nguruwe: leo mmoja abaki kwa mbegu, mwingine achinjwe.

"Walipima nywele za mikia yao. Alama za vinasaba vya kukua haraka anazo yule mdogo. Yule mkubwa hana."

"Mwanangu, nguruwe hanenepi kwa karatasi! Mimi huangalia mgongo."

"Hata mimi, baba. Ila yule mkubwa nilimlea kwa chupa, na kila nikipita bandani namwongezea pumba."

Mzee akaguna. Nami nikamkumbuka kaka yangu, aliyesifiwa nyumbani kwa kifua kipana; kumbe mama yetu alimpakulia mara mbili.

"Basi ukubwa ule ni wa mkono wako," mzee akasema. " Watoto wake hawataurithi."

"Najua, baba. Lakini nikiita, ndiye anayekuja."

Basi likasimama. Kituoni mwenye bucha alikuwa akimsubiri yule mama, kamba begani, akauliza kabla ya salamu: "Yupi?"